Subirini Mpaka 2027

Nje kuna theluji, mechi ya kwanza ya msimu ujao haichezwi mpaka mwishoni mwa Machi, na bado kila Jumapili sebule yangu hapa kusini mwa Chicago inajaa watu wanaogombana juu ya timu ambayo hata mazoezi haifanyi. Mpira wa miguu nauelewa: watu hubishana baada ya mechi. Hawa wa besiboli hubishana badala ya mechi. Na wakishamaliza birika la chai ya tangawizi, wanatazamana, halafu wananitazama mimi.

Wanaokuja ni walewale. Kuna shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyetutangulia nchi hii na kutupokea uwanja wa ndege, fadhila ambayo tangu siku hiyo hajaiacha ipumzike. Kuna jirani yetu, Mmarekani mweusi, dereva mstaafu wa mabasi ya jiji. Mimi humwita Mzee, naye ameshazoea kuitika. Kuna dada mmoja Mkenya, muuguzi, mzaliwa wa Siaya, anayefika na sare ya zamu ya usiku, anasimama mbele ya kochi langu na kusema, "Wewe bwana, hebu songa huko." Nasonga. Na kuna mwanangu, ambaye anatakiwa awe chumbani anafanya hesabu za shule, lakini yuko chini ya meza ya chai anafanya hesabu za wapiga rungu.

Timu yenyewe ni Chicago White Sox. Msomaji wa Tanga au Mombasa usione aibu kama huijui. Hata hapa mjini wapo wengi wanaojifanya hawaijui. Chicago ina klabu mbili. Kaskazini kuna Cubs na uwanja wao wa Wrigley wa tangu 1914, wenye majani yanayotambaa ukutani na watalii wanaopiga picha majani hayo. Kusini tuko sisi, mtaa wa 35, unashuka treni ya mstari mwekundu na umefika. Mimi sikuchagua. Siku niliyoingia nchi hii shemeji alinipa koti la baridi, laini ya simu na kofia nyeusi ya White Sox, akanieleza kwamba koti na laini naweza kubadilisha nikipenda.

Basi nikawa shabiki, kama watu wanavyokuwa wakwe. Nikajifunza kwamba msimu mmoja una mechi 162, na kwamba mtu anaweza kukaa saa tatu akimtazama mrushaji anatema mate, anakataa kwa kichwa, anatema tena. Nikajifunza kula karanga na kutupa maganda chini bila kuona haya. Ilikuwa inaelekea kuzoeleka. Ndipo ukaja mwaka 2024.

Katika mechi 25 za mwanzo walishinda 3. Mwezi Mei ukiingia Juni walifungwa 14 mfululizo, watu wakasema sasa angalau tumefika chini kabisa. Kumbe kulikuwa na ngazi. Kuanzia Julai 10 walifungwa mechi 21 bila kupumua, wakaifikia rekodi ya American League ambayo Baltimore waliiweka mwaka 1988. Nuksi ile ilikatika Oakland, Agosti 6. Siku mbili baadaye kocha Pedro Grifol akafukuzwa. Mzee mpaka leo anaamini walimfukuza kwa kosa la kushinda.

Mwisho wa msimu hesabu ikasomeka hivi: ushindi 41, vipigo 121. Tangu besiboli ya kisasa ianze mwaka 1901 hakuna timu iliyofungwa mara nyingi hivyo katika msimu mmoja. Waliokuwa na rekodi ni New York Mets, vipigo 120 mwaka 1962, lakini Mets mwaka ule ndiyo walikuwa wamezaliwa. Sisi tupo kwenye ligi tangu siku ya kwanza. Hatuna pa kujifichia.

Lakini hilo silo lililonikera. Lililonikera ni wiki ya mwisho ya Septemba. White Sox walirudi nyumbani wakiwa na vipigo 120 kamili, wamefungana na Mets, na mechi tatu dhidi ya Angels. Shemeji akasema historia haiji mara mbili, akanunua tiketi za watu wote. Alinunua kwa kadi yangu. Tukaenda. Uwanja ulikuwa na watu ambao mwaka mzima hawakuonekana, maana kila mtu alitaka kuja kusimulia wajukuu. Mbele yetu alikaa jamaa aliyevaa mfuko wa karatasi kichwani, umetobolewa macho mawili, na chini kidogo kitundu cha tatu cha mrija wa kunywea bia. Kila alipotaka kula soseji ilibidi aipitishe kwa chini, shingoni, kama anayeficha kitu. Majukwaa yanaimba timu iuzwe, iuzwe. Mpaka awamu ya nane Angels wanaongoza 2-0. Nikatoa simu nijiandae kupiga picha ubao wa matokeo.

White Sox wakapata tatu. Wakashinda 3-2.

Nilimwona yule wa mfuko akikaa taratibu, hajui afurahi au adai fedha zake. Kesho yake wakashinda tena. Siku ya tatu wakashinda 7-0, timu ambayo kuna wiki ilikuwa haipati hata hiyo saba kwa mechi zote ukijumlisha. Mwaka mzima walishindwa kila kitu, na wiki moja tuliyolipia kuwaona wakifungwa, wakashindwa kufungwa. Wakasafiri Detroit, na Septemba 27 wakalala 4-1. Rekodi ikavunjwa mbele ya watu wa Detroit waliokuwa wanasherehekea timu yao kuingia mchujo, na ambao hawakuwa na habari nasi kabisa.

Sasa mimi ni mtoto wa Tanga. Timu yangu ni Coastal Union, mabingwa wa Tanzania mwaka 1988, na tangu hapo tunasubiri kwa heshima. Kusubiri mnanifundisha nini? Mwaka 2016 timu tatu za mkoa wetu zilishuka daraja kwa mpigo: Coastal, African Sports na Mgambo JKT. Ligi Kuu ikabaki haina mtu wa Tanga hata mmoja. Tulisemwa, tukataniwa, tukanyimwa hata usingizi. Lakini jambo lile lilikuwa na adabu yake: umefungwa, shuka. Coastal walikwenda huko chini, wakakwaruzwa na viwanja vya vumbi, wakapanda tena miaka miwili baadaye wakiwa wamejua thamani ya nyasi.

Kwa hiyo baada ya vipigo 121 niliuliza swali ambalo kwangu lilikuwa la kawaida kabisa: White Sox wanashuka kwenda ligi gani?

Sebule ilinyamaza. Mzee aliniomba nirudie. Nikarudia. Akacheka mpaka akavua miwani, na kwa wiki nzima akawa akiniona kwenye kibaraza anacheka tena peke yake. Hawashuki. Huku hakuna kushuka. Klabu ni 30, zilezile, zimekaa kwenye ligi kama wajumbe wa kudumu. Ufungwe mechi 121 au mechi zote 162, Machi unaanza sawa na bingwa. Tena subirini, siyo tu kwamba aliyefungwa haadhibiwi: anatunzwa. Kila mwaka klabu huchagua wachezaji chipukizi kutoka vyuoni na sekondari, na waliofungwa zaidi ndio wanaopewa nafasi kubwa ya kuchagua mwanzo. Yaani mwanafunzi wa mwisho darasani ndiye anayepewa kiti cha mbele, kalamu mpya na uji.

Na hata hicho, timu yetu ilikikosa. Ligi iliona baadhi ya klabu zinafungwa kwa makusudi, ikaweka bahati nasibu kwa nafasi za juu, pamoja na kanuni kwamba klabu ya mji tajiri haiwezi kuingia kwenye bahati nasibu hiyo miaka miwili mfululizo. White Sox walikuwa wameshachagua nafasi ya tano mwaka 2024. Hivyo baada ya msimu mbovu kuliko yote, mwaka 2025 wakachagua nafasi ya kumi. Ya kumi! Fikiria umefeli vibaya kuliko binadamu yeyote aliyewahi kukaa mtihani, na bado unaambiwa kuna waliofeli kwa utaratibu mzuri zaidi.

Desemba 2025 kanuni ziligeuka upande wetu. Colorado Rockies waliofungwa 119 mwaka 2025 walikatwa na kanuni, White Sox waliofungwa 102 wakashinda bahati nasibu, yaani haki ya kuwa wa kwanza kuchagua Julai 2026. Shemeji alipiga simu saa ya chakula cha usiku akipiga kelele kama aliyepata viza. Nikamuuliza wameshinda nini. Akasema wameshinda haki ya kuchagua kijana. Nikauliza kijana huyo ataanza kucheza lini. Akasema, "Shem, mambo haya hayataki haraka."

Hapo ndipo ugomvi wa kila Jumapili unapoanzia.

Mnazijua zile nyumba zetu ambazo nondo zimechomoza juu ya zege zikisubiri ghorofa. Ukimuuliza mwenye nyumba atakwambia bado anajenga. Nondo zinashika kutu, watoto wanaoa, kodi ya pango inapanda kila Januari, na yeye bado anajenga. White Sox walichomoza nondo zao Desemba 2016. Walimuuza Chris Sale, mrushaji wao bora, kwenda Boston, wakaletewa vijana akiwamo Yoán Moncada na Michael Kopech. Kesho yake wakamuuza Adam Eaton kwenda Washington, wakaletewa vijana wengine. Julai 2017 wakamuuza José Quintana kwa Cubs, naam, kwa majirani, wakapata Eloy Jiménez na Dylan Cease. Kila aliyeuzwa alikuwa anacheza vizuri, kila aliyekuja alikuwa atacheza vizuri. Mwaka 2018 wakafungwa mechi 100 na mashabiki wakapiga makofi, kwa sababu ilikuwa kwenye mpango.

Nao mpango, nikiwa mkweli, ulizaa. Mwaka 2020 wakaingia mchujo, wakatolewa na Oakland. Mwaka 2021 wakashinda mechi 93, wakachukua ubingwa wa kanda yao, wakatolewa na Houston. Ghorofa yenyewe ndiyo hiyo. Hakuna nyingine. Mwaka 2022 wakagawana sawa, ushindi 81 na vipigo 81, kama mirathi. Mwaka 2023 wakafungwa 101, mameneja wawili wa juu wakafukuzwa mwezi Agosti, akaingia Chris Getz, aliyekuwa anasimamia malezi ya hao hao vijana, naye akaanza kujenga kwa kubomoa. Cease akauzwa San Diego. Garrett Crochet akauzwa Boston. Kila anayeng'aa anafungashiwa.

Mzee akifika hapa huinua kiganja na kuanza kuhesabu. Sale, bingwa na Boston 2018. Eaton, bingwa na Washington 2019. Kopech, bingwa na Dodgers 2024. Cease, Julai 2024, akiwa na jezi ya San Diego alirusha mechi nzima bila mpinzani kupata pigo salama hata moja, katikati ya zile mechi zetu 21. Crochet, mwaka 2025, ushindi 18 na wapigaji 255 aliowatoa kwa kuwakosesha rungu. Na yule Sale tuliyemuuza ili tujenge? Mwaka 2024, mwaka wetu wa vipigo 121, alichukua tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora akiwa Atlanta. Vidole vya Mzee vikiisha, huazima vya mwanangu.

Halafu anashusha sauti na kusema jina moja: Tatis. Hapo hata shemeji huangalia chini. Mwaka 2016 White Sox walikuwa na kijana wa miaka 17 kutoka Jamhuri ya Dominika, Fernando Tatis Mdogo, hata hajacheza mechi moja ya kulipwa. Wakamtoa San Diego ili wampate James Shields, mrushaji aliyekuwa ameshaanza kuchoka. Miaka mitano baadaye San Diego walimpa kijana yule mkataba wa miaka 14 wa dola milioni 340. Mkataba mkubwa kuliko yote ambayo White Sox wamewahi kumpa mchezaji yeyote katika historia yao ni dola milioni 75. Klabu inayotuomba tuwe na subira na chipukizi, chipukizi wa kweli aliyepita mikononi mwake, yenyewe haikuwa na subira naye.

"Lakini Cubs," shemeji hujibu, na hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Cubs walifungwa 101 mwaka 2012, na 2016 wakawa mabingwa baada ya miaka 108. Houston walifungwa 111 mwaka 2013, na 2017 wakawa mabingwa.

"Hao Houston si ndio walikuwa wanaiba ishara za wenzao kwa kamera?" dada Mkenya huuliza, bila kuinua macho kwenye simu.

Shemeji huruka swali. Anavuta kiti karibu na televisheni iliyozimwa na kuanza kutuhubiria kikosi. Yupo Colson Montgomery, aliyepandishwa Julai 2025 na kupiga mipira 21 nje ya uwanja ndani ya nusu msimu. Yupo Braden Montgomery, aliyekuwa bado timu za chini mwaka 2025, hawana undugu. Yupo Kyle Teel, mdakaji. Yupo Noah Schultz, mrushaji wa mkono wa kushoto, mrefu kiasi kwamba milango ya kawaida kwake ni ushauri tu. Mwaka 2024 ushindi 41, mwaka 2025 ushindi 60. "Tumepanda kumi na tisa, shem. Kumi na tisa! Ukienda hivyo hivyo, 2027..."

"Ati 2027," dada Mkenya anasema. "Mimi 2027 nitakuwa nastaafu magoti."

Shemeji huwa hajui kusimama. Hata Michael Jordan, anasema, alikuwa chipukizi wa White Sox. Ni kweli: mwaka 1994, akiwa na miaka 31, bingwa mara tatu wa kikapu, alicheza Birmingham kwenye timu yao ya chini na kupata wastani wa .202, ambao kwa mtu mwingine yeyote ni barua ya kuachishwa kazi. Shemeji anatoa mfano huu kama hoja ya kumsaidia. Bado sijaelewa unamsaidia wapi.

Ningevumilia kama imani hii ingebaki kwenye besiboli. Tatizo ni kwamba shemeji ameihamishia kwenye maisha. Aliacha kazi ya ghala akaniambia yuko kwenye kipindi cha ujenzi. Gari lake halina bampa ya nyuma. Ameivua vizuri ili apate ya kesho. Mchumba aliyekuwa naye, mtu mzuri, mwenye kazi na akili, aliachana naye akisema anatengeneza nafasi kwenye kikosi. Na ile fedha ya tiketi za Septemba, pamoja na nyingine aliyokopa kwa sababu ya breki, kila nikiigusia ananiwekea mkono begani na kusema, "Shem, usitazame matokeo ya leo. Tazama mwelekeo." Mke wangu anasema nimwache, ni kakake. Naona mwelekeo vizuri sana. Unaelekea mfukoni kwangu.

Dada Mkenya ni shabiki wa namna nyingine. Yeye aliifuata timu kwa sababu ya Obama, na hajutii. Barack Obama ni wa White Sox bila kificho. Mwaka 2009 akiwa rais alirusha mpira wa ufunguzi wa mechi ya nyota kule St. Louis akiwa amevaa koti la White Sox, mbele ya watu waliotaka avae chochote kingine. Kwa mtu wa Siaya mjadala uliishia hapo. Kisha Mei 2025 ikatokea kubwa zaidi. Robert Prevost, mzaliwa wa Chicago, akachaguliwa kuwa Papa Leo wa 14. Watu wa Cubs wakakimbilia kumdai. Kaka yake mwenyewe akajitokeza kuwasahihisha: ni White Sox. Ikatafutwa mikanda, akaonekana kwenye mechi ya kwanza ya fainali ya 2005, amekaa jukwaani kama mtu yeyote, roho mkononi. Sehemu ya 140, mstari wa 19, kiti cha 2. Klabu ikachora picha yake pale ukutani. Juni akavaa kofia yetu nyeusi kule Vatikani, juu ya kanzu nyeupe.

Dada Mkenya ni Mkatoliki, aliingia sebuleni siku ile kama aliyeshinda uchaguzi. "Sasa nani atatusema?" Mimi ni Mwislamu wa Tanga, sikuwa na la kuchangia. Mzee ni Mbaptisti. Alifikiri kidogo akasema kuwa na Papa ni jambo jema, ila ana wasiwasi: mtu huyo anahubiri kusamehe, na mwenye timu anaweza kuelewa vibaya.

Kwa Mzee kila njia inaishia kwa mwenye timu. Jerry Reinsdorf aliinunua White Sox na wenzake mwaka 1981. Mwaka 2025 alitimiza miaka 89. Mzee anakubali, kwa shida, kwamba ubingwa wa 2005 ulipatikana chini yake: Houston walichapwa mechi 4-0, ubingwa wa kwanza tangu 1917, miaka 88. Kisha anakumbusha kwamba mwaka 2020 mwenye timu huyo huyo alimrudisha kocha Tony La Russa, mwenye miaka 76, kwa sababu roho ilikuwa inamsuta tangu walipomfukuza mwaka 1986. Kujenga kwa vijana, kocha wa zamani za kale. Juni 2025 klabu ilitangaza makubaliano kwamba bilionea Justin Ishbia anaweza kuichukua. Nchi nzima ya kusini ikainuka kitini. Tukasoma mstari wa pili: siyo kabla ya 2029. Kwa hiyo shemeji anasubiri 2027, Mzee anasubiri 2029, na wote wawili wanasubiri kwenye makochi yangu.

Mtu mwenye akili timamu atauliza: kwa nini msihame? Treni ni hiyo hiyo moja, mstari mwekundu. Ukipitiliza kuelekea kaskazini unafika kwa Cubs, wana timu inayoshinda. Mwanangu alijaribu. Alirudi kutoka shule na kofia ya buluu aliyopewa na rafiki. Hakuivaa ndani, aliishika nyuma ya mgongo kama panya aliyekufa. Mke wangu alisema ni kofia tu. Shemeji alikaa. Mzee aliletewa habari, akavuka barabara kwenye baridi, na wala hakugomba. Alivuta pochi, akatoa kipande cha tiketi ya Oktoba 2005, kimefutika maandishi mpaka kimekuwa rangi ya chai, akakiweka juu ya meza mbele ya mtoto. Akamwambia siku ile alikwenda na baba yake, mtu aliyezaliwa na kuzeeka bila kuona ubingwa, na kwamba wale wa 2005 waliofika wakiwa wamevaa kofia walizonunua wiki ile, yeye aliwatambua wote, kwa sababu hawakuwa wanalia.

Mtoto alirudisha kofia. Mimi nilitaka kuuliza kama Mzee angependa chai, sauti ikakataa kutoka vizuri, nikaenda jikoni.

Ndiyo maana sina huruma na mpango huu. Ningekuwa na huruma kama gharama ingekuwa ya anayepanga. Mwenye klabu akifungwa 121 hashuki daraja, fungu lake la fedha za televisheni za kitaifa linaingia vilevile, na anaokoa mishahara ya wale aliowauza. Anayelipa ni Mzee, na jamaa wa mfuko wa karatasi, na muuguzi aliyetoka zamu. Wao ndio dhamana ya mkopo, na hawakusaini popote. Kila meneja mpya anakuja kukopa kwa jina lao. Ungekuwapo mtaro wa kushuka, hata mmoja, hata wa timu moja kwa mwaka, mngeona vijana wanavyokomaa haraka na fedha zinavyopatikana. Nimelisema hili sebuleni. Shemeji anasema mimi bado sijauelewa mchezo. Dada Mkenya anasema, "Huyu anaongea ukweli, lakini chai yake imepoa."

Nimeamua kuandika kwa sababu najua shemeji husoma safu hii kila wiki, akitafuta kama ametajwa. Umetajwa, shem. Mrushaji wako mrefu na Montgomery wako wote wawili nawatakia heri, na 2027 nitakuja uwanjani nikiwa hai. Lakini fedha yangu siyo chipukizi. Naitaka kabla ya mazoezi ya Februari, taslimu, na usiniletee mtu wa kubadilishana.